Chokaa ya Februari, Matumba ya Mei: Uchambuzi wa Kisa cha Mawaridi Yaliyokosa Maua

Kisa hiki kimetoka kwenye shamba la mawaridi ya kuuza nje, mkoani Arusha. Jina la shamba, aina ya waridi na majina ya wahusika yameondolewa, na tarehe zimeachwa kwa wiki na miezi tu. Anayelima maua chini ya plastiki atakiona ni cha kawaida mno, na ndiyo sababu ya kukiandika. Hakuna aliyelala kazini. Kila uamuzi ulikuwa na sababu nzuri siku ulipofanywa. Ila dawa ya joto ilinunuliwa kwa mwanga, na deni likaja kudaiwa wiki kadhaa baadaye, wakati wenyewe wameshasahau walichokopa.

## Usuli

Shamba liko upande wa miteremko ya Mlima Meru, mwinuko unaokaribia mita 1,300. Kwa waridi, huo ni mwinuko wa chini. Mashamba ya Kenya yaliyo juu ya mita 2,000, kama yale ya Timau, hupata usiku wa baridi unaokuza ua polepole, kichwa kikawa kikubwa na petali nyingi. Hapa chini ua huja haraka na kichwa huwa kidogo, hivyo biashara inategemea wingi wa mashina kwa kila mita ya mraba. Shamba la namna hii haliwezi kupoteza hata robo ya mashina bila mhasibu kushtuka.

Kitalu nyumba kinachohusika kina mapaa matano yaliyoungana, plastiki ya mwaka wa pili, neti ya kivuli ya asilimia 40 iliyotandazwa ndani juu ya mimea, na mapazia ya pembeni yanayopandishwa na kushushwa kwa mkono. Hakuna kipasha joto wala feni. Mimea ilikuwa ya mwaka wa tatu, waridi jekundu la kichwa cha wastani. Maua hukatwa alfajiri, hupangwa gredi, hulala chumba cha baridi, kisha hupanda lori kupitia Namanga kwenda kupanda ndege Nairobi. Sehemu kubwa huishia Uholanzi na Ujerumani.

Jambo moja la mahali lazima lieleweke mapema. Arusha iko zaidi kidogo ya nyuzi 3 kusini mwa ikweta. Urefu wa mchana haubadiliki kiasi cha kumsumbua mkulima, na waridi lenyewe halisubiri siku fupi wala ndefu ili litengeneze ua. Kinachobadilika ni mawingu. Kati ya Januari na Machi anga huwa wazi, na mwezi wa Machi jua hupita utosini kabisa. Kisha masika huingia, na baada ya masika huja kipupwe, ambapo upande huu wa Meru unaweza kukaa siku nyingi bila kuliona jua vizuri. Ndani ya wiki chache mkulima anatoka kwenye mwanga mwingi kupita kiasi na kuingia kwenye uhaba wa mwanga, na paa lake ni lilelile.

## Februari: joto linapodhibitiwa

Mwanzoni mwa Februari malalamiko yalitoka chumba cha kupanga gredi. Vichwa vilikuwa vimepungua ukubwa, petali chache, wekundu umefifia pembeni, na maua yalikuwa yakifunguka ndani ya ndoo kabla ya kufungwa. Kipimajoto kilichoning'inizwa kati ya matuta kilikuwa kikipita nyuzi 35 mchana. Hizo zote ni dalili za joto zisizo na ubishi. Waridi likikua kwenye joto kali hukimbiza hatua zake: muda wa kujenga petali unafupishwa, ua linatoka na petali pungufu, na rangi nyekundu haipati nafasi ya kukolea.

Meneja wa uzalishaji aliamua paa lipakwe chokaa. Ni dawa ya zamani, rahisi, na inafanya kazi. Mwaka uliotangulia, mvua moja ya nje ya msimu iliiosha chokaa yote ndani ya saa moja, kazi ikarudiwa upya. Safari hii, ili isioshwe, walichanganya chokaa na rangi ya maji ya ukutani. Wazo lilitoka kwa fundi wa shamba, na kama lengo ni chokaa ikae, lilikuwa wazo zuri sana.

Neti ya ndani ilibaki imetandazwa. Kawaida ilikuwa ikivutwa mchana na kukunjwa asubuhi na jioni, lakini kapi lake lilikuwa limekwama tangu Desemba na kipuri kilikuwa hakijaagizwa. Kwa hiyo mimea ilikuwa chini ya tabaka tatu: plastiki yenye vumbi, chokaa yenye rangi, na neti.

Joto lilishuka nyuzi kadhaa. Baada ya kama wiki tatu vichwa vikapata afadhali, rangi ikarudi, chumba cha gredi kikanyamaza. Kila mtu aliona chokaa imefanya kazi yake, na kwa kipimo walichokuwa nacho, ilikuwa imefanya.

## Machi: kupogoa kwa ajili ya Siku ya Mama

Siku ya Mama, kwa nchi nyingi zinazonunua maua haya, huangukia Jumapili ya pili ya Mei. Uingereza ina yake ya Machi, lakini wanunuzi wa shamba hili walitaka ya Mei. Katika kitalu hiki shina huchukua wiki kama saba kutoka kupogolewa hadi kukatwa. Ukitoa siku za kupanga gredi, barabara, ndege na duka, unarudi nyuma hadi katikati ya Machi. Hapo ndipo matuta mengi yalipogolewa kwa mkupuo mmoja.

Kupogoa kwa mkupuo kuna gharama isiyoonekana kwenye kalenda. Kila shina linaloondolewa linaondoka na majani yake, na majani ndiyo jiko la sukari. Macho mapya yanaanza kuchipua yakitegemea akiba ya mashina ya zamani na majani yaliyolazwa chini. Ikiwa mwanga upo, chipukizi linajitegemea upesi. Ikiwa haupo, linaendelea kudai kwenye akiba inayopungua.

Mwanzoni mwa mwezi huohuo upepo ulipasua plastiki ya paa la tatu. Mafundi walifunga neti pembeni ili wapate pa kufanyia kazi, wakaweka kiraka cha plastiki mpya chenye upana wa kama matuta mawili, wakaondoka. Neti haikurudishwa. Hakuna aliyelitilia maanani jambo hilo wakati huo.

Wiki ya mwisho ya Machi masika yakaanza. Msimamizi wa dawa, kwa kuogopa ubwiri vinyoya, ugonjwa wa ukungu ambao hupenda majani yenye unyevu, aliagiza mapazia yashushwe na yakae chini ili mvua isiyaloweshe. Mvua iligonga paa kila siku na chokaa haikutoka. Ndani palikuwa na hali ya ajabu: giza la pango na joto la bafuni. Mchana kipimajoto kilisoma nyuzi 27 au 28, ambazo hazimtishi mtu, na usiku hazikushuka chini ya 18 kwa sababu hewa ilikuwa imefungiwa. Kwenye daftari la kitalu, safu ya joto ilionekana nzuri kuliko wakati wowote tangu Desemba. Safu ya mwanga haikuwepo.

## Aprili: mashina bila maua

Machipukizi yalikua. Tena yalikua marefu, yenye majani mapana na laini, umbali kutoka jani hadi jani ukiwa mkubwa kuliko kawaida. Mtu asiyelijua waridi angesifu.

Kwa kawaida, wiki ya nne hivi baada ya kupogoa, tumba huonekana kwenye ncha likiwa dogo kama njegere, na ndiyo hatua ambayo wahesabuji hupita kukadiria mavuno. Safari hii walipita na kurudi na karatasi ambazo hazikueleweka. Katikati ya matuta, zaidi ya nusu ya machipukizi yalikuwa yameishia kwenye jani. Hakuna tumba. Wafanyakazi wa vitalu huyaita mablaindi, na machache huwepo siku zote, lakini hawa walikuwa wakiyaona mfululizo, tuta baada ya tuta.

Hatua za kwanza zilifuata mkondo wa kawaida wa mashamba yetu: tafuta mdudu, tafuta mbolea. Mitego ya gundi ya bluu ilikuwa na thripi (wadudu wadogo wanaoshambulia maua) wachache, basi ikapigwa dawa. Mtu akakumbuka kwamba upungufu wa boroni huua ncha, basi boroni ikaongezwa kwenye tangi pamoja na potasiamu. Sitawacheka, kwa sababu boroni ikipungua kweli ncha hufa. Lakini upungufu huo huacha alama nyingine pia, majani machanga yaliyokunjamana na petali zenye kasoro, na hapa majani yalikuwa mazuri kupita kiasi. Wiki moja hivi ilipotea hapo.

Ufunguo ulitoka kwa mmoja wa akina dada wa kuhesabu. Alimwambia bwana shamba, "Mkuu, njoo uone hapa kwenye kiraka, mbona huku yamefunga?" Chini ya plastiki mpya ya paa la tatu, matuta mawili yalikuwa na matumba ya njegere karibu kwenye kila shina. Aina ileile, maji yaleyale kutoka bomba lilelile, siku ileile ya kupogolewa. Hatua tatu pembeni, blaindi.

Bwana shamba alikata ncha kadhaa kutoka pande zote mbili, akazipasua kwa wembe mpya na kuzitazama kwa kioo cha kukuzia. Kwenye shina blaindi, ukibandua jani la mwisho, lililo dogo kama ukucha wa mtoto, unakuta kitu cha ukubwa wa kichwa cha pini. Kimekauka, kahawia inayokaribia weusi, na ukigeuza kioo vizuri unaona vijisehemu vya nje vya ua vilivyokuwa vimeanza kujipanga. Lilikuwa tumba. Lilianza, likafa.

Ugunduzi huo ulimaliza mjadala wa mbolea. Mmea haukushindwa kuanzisha ua. Ulishindwa kulilisha.

Kuna jambo lingine ambalo naliona ndilo zito kuliko yote katika kisa hiki. Kipimajoto kilipohamishiwa chini ya kiraka kilisoma joto la juu zaidi kuliko sehemu nyingine za kitalu. Sehemu yenye joto zaidi ndiyo iliyokuwa na maua.

## Hesabu ambayo haikufanywa

Tabaka za kivuli hazijumlishwi, huzidishwa. Plastiki ya mwaka wa pili yenye vumbi, pamoja na kivuli cha nguzo na mifereji, hupitisha kama asilimia 70 ya mwanga wa nje. Neti ya asilimia 40 hupitisha 60 ya hizo zilizobaki. Chokaa nzito nayo ikapitisha 60 nyingine. Piga hesabu: 0.7 mara 0.6 mara 0.6 ni kama 0.25. Kipima mwanga kilipoazimwa na kusomwa nje kisha ndani ya dakika hiyohiyo, kilitoa takriban jibu hilo, robo.

Robo ya mwanga wa Februari bado ni kitu. Siku ya anga wazi katika ukanda wa tropiki huleta nje jumla ya mwanga wa moli (kipimo cha wingi wa chembe za mwanga) 45 hadi 50 kwa kila mita ya mraba. Robo yake ni kama 12. Ni kidogo kwa waridi la biashara, ambalo hupendelea kuanzia 20 kwenda juu, lakini mmea uliokwisha kujenga akiba hauanguki mara moja. Siku ya mawingu mazito nje huleta 15 hadi 20 tu. Robo yake ni 4 au 5. Hapo mimea ilikuwa ikiishi kama imefungiwa stoo.

## Kwa nini tumba hufa wakati majani yanaishi

Jicho la waridi likishachipua, ncha yake huanza kutengeneza ua mapema sana, chipukizi likiwa bado fupi kuliko kidole. Kwa hiyo kipindi cha hatari ni kifupi na hutangulia dalili: takriban wiki ya pili na ya tatu baada ya kupogoa, kabla jicho la binadamu halijaona chochote. Katika kisa chetu, hiyo ni wiki ya mwisho ya Machi na ya kwanza ya Aprili, yaani siku zilezile masika yalipoingia na mapazia yakashushwa. Shina lililohesabiwa kuwa blaindi katikati ya Aprili lilikuwa limeshahukumiwa zamani, na boroni iliyowekwa baada ya hapo ilikuwa inamtibu maiti.

Katika wiki hizo chipukizi zima linaishi kwa sukari ya kupewa, na wapokeaji ni wengi. Majani machanga yanataka, shina linalorefuka linataka, mizizi inataka. Tumba ndilo dogo na lenye nguvu ndogo ya kuvuta. Sukari ikitosha, wote wanapata. Ikipungua, majani machanga hushinda na tumba hukauka. Ndiyo maana shina blaindi linaonekana limenawiri.

Mwanga una kazi mbili hapa, na ya pili husahaulika. Ya kwanza ni usanisinuru, kutengeneza sukari kwenye majani. Ya pili ni ile ambayo watafiti wa Israel Yoram Mor na Abraham Halevy waliionyesha mwaka 1980: ukiifunika ncha ya chipukizi isipate mwanga, hata kama majani ya chini yanaendelea kuangaziwa, sukari inayokwenda kwenye ncha hupungua na tumba hudumaa. Ncha inahitaji mwanga wake yenyewe ili iweze kuvuta chakula. Hii inaeleza kwa nini mablaindi huwa mengi katikati ya tuta lililosongamana kuliko pembezoni mwa njia, na kwa nini kiraka cha upana mdogo kilitosha kuokoa matuta mawili yaliyokuwa yamezungukwa na giza.

Joto linaingia wapi? Linaingia kama mlaji. Kila nyuzi 10 zikiongezeka, upumuaji wa mmea huongezeka karibu mara mbili, na usiku hakuna usanisinuru wa kufidia. Usiku wa nyuzi 18 na unyevu, baada ya mchana wa giza, mmea unaamka na sukari kidogo kuliko ungekuwa nayo kwenye usiku wa nyuzi 14. Wakati huohuo joto linaharakisha ukuaji, hivyo mahitaji ya kila siku yanapanda. Mwanga mwingi na joto jingi hukupa ua dogo lililofifia. Mwanga haba pamoja na joto, hata la wastani, huondoa ua lenyewe. Shamba lilikuwa limebadilisha tatizo la kwanza kwa la pili.

## Maamuzi ya nusu ya pili ya Aprili

Mkono wa kila mkataji uliwasha kutaka kukata mablaindi yote ili macho mapya yaje haraka. Bwana shamba alikataa. Mashina yale, pamoja na ubaya wake, yalikuwa na majani mapya, na kuyakata kungekuwa kupogoa mara ya pili ndani ya mwezi mmoja, gizani. Aliagiza yalazwe: shina linakunjwa karibu na chini na kuelekezwa njiani, majani yanaendelea kupika, na jicho lililo kwenye mkunjo linapata mwanga likachipua. Kazi hiyo huchukua muda mwingi kuliko kukata na wafanyakazi hawaipendi kwa sababu ya miiba, lakini nadhani ndiyo iliyookoa mkupuo uliofuata.

Kuosha paa kuliibua ubishi wa kweli. Meneja alihofia kwamba majani yaliyokulia gizani yangeungua jua likichomoza ghafla. Hofu hiyo ina msingi. Walikubaliana kuosha paa la kwanza na la pili kwanza, kutengeneza kapi, na kutandaza neti saa 5 asubuhi hadi saa 9 alasiri kwa siku za jua tu. Chokaa ile yenye rangi haikukubali maji matupu. Ilibidi watu wapande na brashi na sabuni, na plastiki ilikwaruzika. Baadaye wakaosha la tatu na la nne. La tano lilibaki na chokaa, si kwa sababu ya utafiti wowote, ila waliokuwa wakiosha waliitwa kusaidia kufungasha na hawakurudi.

Mapazia yalianza kufunguliwa kila asubuhi mvua isiponyesha. Ubwiri vinyoya ulitokea kwenye kona ya paa la pili, karibu na mlango, ukadhibitiwa kwa dawa na kwa kuondoa majani. Hasara hiyo ilikuwa halisi na msimamizi wa dawa alikuwa na haki ya kuikumbusha.

Uamuzi ambao haukuhusu mimea kabisa huenda ndio uliolinda biashara: wanunuzi waliarifiwa mara tu ncha zilipopasuliwa, kabla hawajaanza kuuliza. Sehemu ya oda ikapunguzwa, nyingine ikajaziwa kwa maua ya shamba jirani.

## Matokeo

Mkupuo wa Siku ya Mama ulipotea kwa sehemu kubwa. Mashina yaliyotoa maua yalikuwa marefu lakini yenye shingo dhaifu, vichwa vikiinama ndani ya ndoo, na mengi yaliuzwa gredi ya chini. Matuta ya kiraka yalitoa maua kamili. Vichwa vyake vilikuwa vidogo kuliko vya kipupwe, na hapo ndipo joto lilipoacha alama yake.

Mkupuo uliofuata ulikuja mwishoni mwa Juni na kuendelea Julai. Ulichelewa kuliko wiki saba za kawaida kwa sababu usiku ulikuwa wa baridi. Mapaa manne yaliyooshwa yalikuwa na mablaindi machache, hesabu ya kawaida ya msimu wa mawingu. Paa la tano liliendelea kuwa na mablaindi mengi yaliyoonekana ukiwa umesimama mlangoni. Vichwa vya mkupuo huo vilikuwa vikubwa na petali nyingi, na shambani ilisemwa kwamba ni matunda ya kuosha paa. Sikubaliani kabisa na maelezo hayo. Idadi ya maua inaweza kudaiwa na mwanga. Ukubwa wa vichwa na wingi wa petali ulikuwa kazi ya usiku wa baridi, na ungekuja hata kwenye paa chafu, kwa mashina machache yaliyobahatika kuwa na ua.

## Nini kilifanya kazi, nini kilishindwa

Kosa kubwa zaidi, kwa maoni yangu, liko kwenye hitimisho la Februari kuliko kwenye chokaa yenyewe. Maua yaliyoonekana kuwa bora wiki tatu baada ya kupaka chokaa yalikuwa na matumba yaliyoanzishwa na kuvuka hatari kabla ya chokaa. Yalitungwa kwenye mwanga wa Januari na kumalizia kukua kwenye ubaridi wa Februari, yaani yalipata mema ya pande zote mbili. Chokaa ikasifiwa kwa maua ambayo haikuyalea tangu mwanzo. Maua ya kwanza yaliyolelewa chini ya chokaa kuanzia jicho hadi kichwa ni yale ya Aprili, na wakati huo sifa ilikuwa imeshatolewa. Yeyote anayejaribu kitu kwenye waridi anapaswa kungoja mzunguko mzima kabla ya kusema kimefaa, na uvumilivu huo ni mgumu kuupata chumba cha gredi kikiwa kinalalamika.

La pili ni chombo. Shamba lilikuwa na vipimajoto kadhaa na halikuwa na kipima mwanga hata kimoja. Likasimamia kile lilichoweza kukisoma. Kipima mwanga cha bei ya chini hakina usahihi wa maabara, lakini kwa kulinganisha nje na ndani kinatosha, na kingetoa jibu la robo siku ileile chokaa ilipokauka.

Rangi ya ukutani ilikuwa kosa la kiufundi lenye mantiki. Chokaa inayooshwa na mvua ina fadhila ambayo haikutambuliwa: mvua na mawingu huja pamoja, hivyo paa hujisafisha karibu na siku linapohitaji kusafishwa. Waliiondoa fadhila hiyo kwa makusudi, bila kuweka mtu wa kuifanya kazi yake.

Mapazia ni suala gumu zaidi na sioni jibu jepesi. Kuyashusha kulikinga majani na mvua, lakini kulikuwa kubaya kwa tumba. Kinachoweza kulaumiwa ni kuyaacha chini muda wote, hata saa za mchana mvua ilipokatika.

Kupogoa kwa mkupuo mmoja kuliweka mayai yote kapu moja. Kungegawanywa kwa wiki mbili au tatu, sehemu ya kwanza ingevuka kipindi chake cha hatari kabla ya masika. Wanaouza kwa siku maalumu hawapendi kusikia hilo, kwa kuwa ua linalofika Jumatatu baada ya Siku ya Mama halina bei.

Kulaza mablaindi, kupasua ncha kwa wembe, na kumsikiliza dada wa kuhesabu, hayo matatu yalifanya kazi. La kupasua ncha halina gharama kabisa. Ukikuta tumba lililokufa, tafuta sukari: mwanga, majani, msongamano, joto la usiku. Ukikuta hakuna dalili ya tumba lolote, una tatizo la aina nyingine.

## Kuhusu mimea mingine

Waridi lisichukuliwe kuwa kipimo cha maua yote. Krisanthemamu, ambayo husubiri usiku mrefu, huchelewa kukuza matumba joto likizidi, hata kama usiku ni mrefu vya kutosha. Okidi za Phalaenopsis huhitaji wiki kadhaa za ubaridi kiasi ili zitoe shina la maua, na zikikaa kwenye joto la pwani huendelea kutoa majani tu. Bogenvilia inastahimili joto lote la Mombasa na Dar es Salaam, lakini iweke chini ya mwembe uone kama itachanua. Wenye bustani za nyumbani huninunia nikiwaambia kwamba waridi lao lisilotoa maua kwenye kivuli cha veranda halihitaji samadi zaidi. Linahitaji kuhamishwa.

## Kilichobadilishwa shambani

Kiangazi kilichofuata chokaa ilipakwa tena, ya kawaida bila rangi, nyepesi, na kwa mapaa ambayo hayakuwa kwenye mpango wa Siku ya Mama. Mapaa ya mpango huo yalitegemea neti ya kuvutwa na mapazia ya pembeni yaliyopandishwa hadi juu kabisa. Kwenye ratiba ya kupogoa kumeongezwa mstari mmoja: paa lazima liwe safi kabla ya macho kuchipua, mvua inyeshe isinyeshe. Wahesabuji sasa hupasua ncha chache kwa kila paa wiki ya tatu, bila kusubiri njegere. Vichwa vya Februari kwenye mapaa hayo bado ni vidogo, na meneja wa uzalishaji na chumba cha gredi bado hawajaelewana kuhusu hilo.